Dakika Nne za Mama Yake Somoe

Jumapili, mwezi wa tano. Jua linaelekea kuzama, mvua imekatika tangu asubuhi.

Kiwalani haijakauka. Mbele ya mlango wangu kuna dimbwi ambalo leo nimeliruka mara tatu salama, mara ya nne nikatua katikati na kandambili moja ikabaki humo humo. Nimeiacha. Sina nguvu ya kuinama kuitafuta.

Nina aibu.

Nimeliandika hilo mapema ili nisipate nafasi ya kulipamba, maana kupamba ndiyo kazi yangu. Mliozoea ukurasa huu mnajua kwamba nikija hapa huwa nimekuja kujisifu: makala mpya imetoka, Profesa kafanya yake, leteni flashi. Leo hakuna makala mpya. Sijui hata kama itakuwepo nyingine.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza, kazi yangu ni kutafsiri makala za televisheni. Zile za nje, za historia, za maisha ya jamii mbalimbali, za jua na sayari zake. Natia sauti yangu ya Kiswahili juu ya sauti ya msimulizi Mzungu, kisha zinaingia kwenye flashi za watu na kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video mitaani. Wenzangu wamejazana kwenye filamu za ngumi. Mimi nilikwenda kwenye makala kwa sababu hapakuwa na mtu, na kwa sababu nilipenda kuitwa Profesa. Shule niliishia kidato cha nne na matokeo yangu naomba yasijadiliwe.

Studio ni chumba cha pili cha nyumba ninayopanga. Kuta nimezizungushia magodoro ya zamani ili sauti isidunde. Adui yangu mkubwa ni ndege, maana hapa zinapita juu ya bati karibu kabisa, unaweza kudhani zinatafuta mlango. Kwa hiyo nimejitengenezea utaratibu. Nikisikia mngurumo nafunga maiki kwa kidole gumba, nasubiri ndege ipite, nafungua tena. Maiki ikifungwa, sauti ya asili ya makala inapanda yenyewe. Ikifunguliwa, ile ya asili inashuka kabisa, yangu inakaa juu.

Aliyenifundisha kazi hii aliniachia kanuni moja tu: usiache kimya. Kimya kinafukuza wateja. Nikajifunza kuvuta pumzi kwa pua huku mdomo unaendelea, nikawa naweza kwenda dakika nzima bila kutua. Nilijivunia pumzi yangu kuliko hata sauti.

Sasa niungame. Pale nisipoelewa, nilikuwa natunga.

Ile makala ya sayari ilipofika Zohali, msimulizi alianza kueleza pete zake zilivyotokea, na alieleza kwa Kiingereza cha watu waliosoma. Nilidaka neno barafu na neno vumbi. Yaliyobaki yote yalitoka kichwani mwangu. Niliwaambia watu kwamba zile pete ni barabara za mwendokasi za huko juu, hazina foleni, na kwamba kuna mwezi mmoja umefungiwa leseni. Watu walicheka mpaka benchi la pale kibandani likakatika mguu. Kwenye makala za historia, majenerali wa vita vya Ulaya niliwapa maneno ya vijana wa kijiweni, wakawa wanaitana mwanangu na braza huku mizinga inalia. Hakuna mtu wa Zohali aliyewahi kunipigia simu kulalamika. Majenerali nao walishakufa zamani.

Nikaamini kazi yangu haimuumizi mtu.

Mwaka juzi, kabla kidogo ya hiyo ya sayari, nilipata makala kuhusu historia ya Wamakonde. Walivyokimbilia uwanda wa juu kujificha na wakamata watumwa, walivyoshuka kwenda kwenye mashamba ya mkonge, vinyago vyao, ngoma zao. Ilikuwa makala nzuri. Katikati yake msimulizi ananyamaza na anaonekana bibi mmoja amekaa kwenye mkeka nje ya nyumba yake, kanga ya buluu, anamenya mihogo. Ana chale usoni na kwenye mdomo wa juu ana lile tundu la ndonya, kile kipande cha mti walichovaa wanawake wa zamani. Anaongea Kimakonde dakika nne nzima, taratibu, macho yake yakiwa kwenye kisu na mihogo. Nakala niliyoipata haikuwa na maandishi ya chini.

Mimi ni Mmakonde.

Baba Mmakonde, mama Mmakonde. Na katika dakika zile nne sikuelewa hata sentensi moja.

Nimezaliwa hapa hapa mjini. Shuleni ukiwa Mmakonde ulikuwa unaitwa mlinzi, kwa kuwa walinzi wengi wa mjini walikuwa Wamakonde, unachorewa mistari usoni kwa chaki, kwa hiyo nilijiita Mzaramo na mambo yakaenda. Siku moja mama alikuja shuleni kuniletea sare niliyoisahau, na yeye ana chale mashavuni. Wenzangu wakauliza yule ni nani. Nikasema ni jirani yetu. Alikuwa karibu kiasi cha kusikia. Alinikabidhi ile sare, akasema, "Mama yako amenituma nikuletee," akaondoka. Hatujawahi kulizungumza. Nilikuwa na miaka tisa, na nimekuwa nikijitetea kwa hiyo miaka tisa hadi leo nina thelathini na nane.

Basi nilikuwa na dakika nne za bibi, na kanuni ya kutoacha kimya.

Nikamtungia. Nikamfanya alalamike kwamba Wazungu wamekuja na magari matatu na hawajamletea hata soda. Nikamfanya amtongoze mpiga picha. Nikasema ule mdomo ulitobolewa mapema ili siku soda ikija mrija upite bila tabu. Niliigiza sauti ya kizee, ya puani, na kila baada ya maneno machache nikawa narudia, "Hata soda, jamani?"

Hakuna kitu nilichowahi kufanya kikapendwa kama kile. Bodaboda wakawa wanaambiana hata soda. Konda akirudisha chenji pungufu, abiria anamwambia hata soda. Nilipita mitaani nikisikia maneno yangu kwenye midomo ya watu nisiowajua na nikatembea kifua mbele.

Alhamisi iliyopita simu ikaita. Namba yangu ipo kwenye kila makala, maandishi manene ya njano, kwa hiyo kupigiwa na watu nimezoea. Mwanamke.

"We ndo Profesa?"

"Mwenyewe."

"Yule wa hata soda?"

"Ndo mie, dada. Unataka mzigo gani?"

"Nataka uje Manzese, mie fundi cherehani. Uje na hiyo hiyo ya hata soda. Lakini uje na ile isiyo na wewe ndani."

Nilivyo mjinga, nilifurahi. Nilidhani ni mtu wa televisheni fulani anajifanya fundi ili nisivimbe kichwa. Jana Jumamosi nilinyoa ndevu, nikavaa shati la mikono mirefu, nikashuka Manzese kwenye basi la mwendokasi nikiwa nafanya mazoezi ya kutabasamu.

Alikuwa fundi kweli. Jina lake Somoe, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, futikamba shingoni, kibanda chake kimoja na cherehani mbili. Kwenye rafu, kati ya vitambaa, kulikuwa na televisheni ndogo. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akanisogezea stuli. Kisha akatoka, akarudi na soda ya baridi, akaifungua, akaiweka mbele yangu. Sidhani kama alikuwa na maana yoyote. Mgeni hupewa soda. Lakini niliiangalia ile chupa, sikuigusa.

Akawasha televisheni. Alikuwa ameshaisogeza mpaka pale pale. Bibi, mkeka, kanga ya buluu.

"Huyo mama yangu," akasema.

 Mimi, Profesa, nikaishika ile chupa ya soda kwa mikono miwili.

Akanieleza akiwa amesimama, huku anakunja kitambaa ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa. Mama yake alifariki mwaka jana wakati wa masika. Barabara ya kusini ilikuwa imekatika, yeye akafika siku ya tatu, akakuta kaburi limeshafunikwa. Picha anayo moja, ile ya kwenye kadi ya kupigia kura. Sauti hana. Mama hakuwa mtu wa simu, alikuwa anashika simu mbali na uso kana kwamba inauma, anasema niko salama na anamrudishia mwenye simu. Wageni waliowahi kumpiga picha alishawasikia wakitajwa nyumbani, ila hakujua hizo picha ziliishia wapi.

"Mwezi uliopita nipo hapo saluni ya jirani, wanaangalia," akasema. "Mie hata soda nilikuwa naijua. Naisema kila siku, mdogo wangu. Mteja akija kuchukua nguo hana hela, namwambia hata soda. Basi wakasema hapo sasa, hapo panakuja pa soda, nikaanza kucheka hata kabla hapajafika. Kisha akatokea mama."

Hakulia. Bora angelia. Aliniambia kwamba alimaliza kile kicheko, kwa sababu kilikuwa kimeshaanza.

Kisha akaniuliza mimi ni wa wapi.

"Mie wa hapa hapa Dar," nikasema. Ulimi ulikwenda wenyewe, kama ulivyokwenda nilipokuwa na miaka tisa.

"Mtani wetu?"

Alinifungulia mlango wa kutokea, na alinifungulia kwa wema. Wazaramo na Wamakonde ni watani, na ningekuwa mtani mambo yote yangeisha pale. Mtani anakuja hata msibani, anamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, anadai soda juu ya kaburi, na wafiwa wanacheka huku wanafuta machozi, maana ni haki yake. Neno moja tu lilitakiwa. Mzaramo. Nimelisema maisha yangu yote.

"Hapana, dada," nikasema. "Mmakonde."

Alitazama mashavu yangu yasiyo na chale, kisha shati langu.

"Aah," akasema. "Kumbe mtoto wetu."

Hakuna tusi nililowahi kutukanwa likaniingia kama hilo. Na halikuwa tusi.

Akauliza kama nimekuja na ile isiyo na mimi. Ilibidi nimweleze. Sina. Nikimaliza kutafsiri huwa nafuta nakala ya asili, kompyuta yangu ni ndogo. Ile ya mama yake niliifuta wiki ile ile ili nipate nafasi ya makala ya sayari. Nilimfuta mama wa watu nikamweka Zohali na pete zake, nikazitungia uongo na zenyewe. Akauliza makala inaitwaje ili aitafute. Sijui. Huwa nakata mwanzo na mwisho, pale panapoandikwa majina ya waliotengeneza, naweka jina langu na namba yangu. Akauliza niliipata kwa nani. Kwenye flashi ya mtu wa Kariakoo ambaye siku hizi hayupo pale.

Kila swali alilouliza jibu lake lilikuwa mimi.

"Basi njoo usikie," akasema. "Kuna sehemu mbili umenyamaza."

Akavuta stuli yake karibu na spika mpaka sikio likakaribia kuigusa. Sauti yangu ikajaa kibandani, ya puani, mrija, magari matatu. Chini yake kulikuwa na kitu kama mtu anayeongea nyumba ya tatu. Yeye alikuwa amefumba macho akiichimba ile sauti ya chini. Nilitamani nijitie mkono mdomoni pale kwenye televisheni. Ghafla sauti yangu ikakatika, na ya bibi ikapanda, kavu, ya chini, wala si ya puani.

Nilijua mara moja ni nini. Ndege. Ilipita ndege, nikafunga maiki.

Somoe akanitafsiria. Nikiwa nimekaa, yeye ndiye aliyekuwa akiweka Kiswahili juu ya maneno ya mtu, na alifanya kwa namna ambayo mimi sijawahi. Alisubiri mama amalize, kisha akasema. "Anasema muhogo wa mwaka huu una nyuzi. Anasema nyuzi zinaingia kwenye meno na meno yenyewe yamebaki ya kuhesabu." Akacheka kidogo. "Mama na muhogo." Kisha nikarudi mimi na soda yangu.

Ya pili ilikuwa ndefu zaidi. Ndege kubwa, namshukuru Mungu kwa ukubwa wake. Bibi alikuwa ameacha kumenya, ameinua mkono, anakunja kidole kimoja kimoja.

"Anahesabu watoto," Somoe akasema. "Wa kwanza Saidi, anasema amemzika mwenyewe. Wa pili Fatu, yuko Newala. Wa tatu Mwanahawa. Mapacha waliokufa hawajapewa majina, lakini anawahesabu, kila siku alikuwa anawahesabu. Wa sita..."

Bibi akahamia mkono wa pili, akakamata kidole cha sita. Akatabasamu, tabasamu lake la kwanza katika makala nzima.

"Hata soda, jamani?" nikasema mimi, kwenye televisheni.

Somoe akazima.

"Wa sita ni mie," akasema. "Nimeirudisha mara nyingi sana. Najua mdomo wake unavyokaa akinitaja, nauona unanitaja. Nasikia soda."

Akarudi kwenye cherehani, akaweka kitambaa chini ya sindano. Nilisema samahani, nadhani nilisema mara nne au tano, ikawa kama natafsiri kitu nisichokielewa. Hakunifukuza wala hakunisamehe. Aliniambia, "Kunywa soda yako, mdogo wangu, itapata moto," akaanza kushona.

Niliinywa. Nilimaliza chupa nzima kwa sababu kuiacha kungekuwa utovu wa adabu mwingine.

Kama wewe unayesoma una ile makala nzima, isiyo na sauti yangu, naomba. Bibi mwenye kanga ya buluu, mkeka, mihogo, nyuma yake mlango wenye rangi ya kijani iliyobanduka. Namba yangu mnayo. Kwa mara ya kwanza naomba itumike kwa jambo la maana.

Nilitaka niishie hapo. Nimeinuka, nimekwenda kuangalia dimbwi, nimerudi. Kuna jambo nimelificha.

Nimeandika siku ya kurekodi kana kwamba nilikuwa peke yangu. Sikuwa peke yangu. Wakati ule mama yangu alikuwa akiishi na mimi hapa Kiwalani, chumba cha kwanza, na kati yetu ni ukuta wa mbao. Huwa naitazama makala mara moja kwa spika kabla sijaanza kazi. Kwa hiyo zile dakika nne mama alizisikia zote, kwa lugha yake, zikitoka chumbani kwa mwanawe.

Nilikuwa nimeshavaa hedifoni nimeanza kutunga pale mlango uliposukumwa. Nilimwona mdomo wake unaongea. Nikaachia sikio moja nikasikia, "Hamisi, huyo mama anasema..."

"Mama, narekodi," nikasema. "Utaniharibia kazi."

Akarudisha mlango taratibu.

Ningeweza kumwita. Alikuwa hatua tatu kutoka kwangu na kila neno alikuwa nalo. Sikumwita kwa sababu alikuwa amenikatiza, nilijiambia hivyo. Ukweli ni kwamba sikutaka kukaa chini nifundishwe lugha yangu na mtu niliyewahi kumwita jirani.

Miezi miwili baadaye alihamia Goba kwa dada yangu. Alisema hapa pana kelele. Nikadhani ni ndege.

Leo mchana nimekwenda Goba. Bodaboda ilishindwa mlima wa mwisho kwa utelezi, nikapanda kwa miguu, na kila hatua nilikuwa nikijipangia maneno kisha nikiyatupa. Nilimkuta barazani anachagua mchele kwenye ungo. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, umekonda. Nikakaa kwenye ngazi, chini yake, na nikamweleza. Bibi, Somoe, soda, ndege, vidole. Nilimweleza na la shuleni, la sare. Sikupanga kulisema, lilitoka na mengine.

Aliendelea kutoa mawe kwenye mchele mpaka nilipomaliza.

"Nilikuja kukwambia," akasema.

"Ulikuja kuniambia nini, mama?"

"Kwamba mle ndani mna salamu."

Sikuelewa. Akanieleza kama anavyoelezwa mtoto. Bibi alipofika kwa yule wa sita aliwaambia wale Wazungu kwamba huyo yuko Dar es Salaam, anashona nguo, na kwamba nyie mna magari na mnapita huko, mkimwona mpeni salamu zangu. Akazisema zote, moja baada ya nyingine. Wazungu hawakujua lugha, wakaguna tu kuitikia.

"Nikasema hawa hawatazifikisha," mama akasema. "Lakini nikasema mwanangu ana sauti inafika kila mtaa. Huyu atazifikisha. Ndo nikaja mlangoni."

Yule bibi alikuwa hai bado mwaka juzi. Nimepiga hesabu hiyo njia nzima ya kurudi. Ningeachia masikio yote mawili, salamu zingefika Manzese, na binti angeweza kujibu.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia baadaye, miezi yote ile, miaka hii miwili. Akasema nilimwambia asiniharibie kazi. Nikamuuliza kama alisikia watu walivyokuwa wakicheka mtaani, wakisema yale maneno.

"Nilisikia," akasema. "Kila siku dirishani. Ndo nikaomba nije huku."

Hazikuwa ndege.

Nilikaa pale kwenye ngazi na sikujitetea. Nadhani ni mara ya kwanza nimekaa na mama yangu kimya bila kukijaza. Alimaliza ungo wote, akaupeta mara mbili, akauweka pembeni. Nikamuuliza, kwa sauti ndogo, kama bado anazikumbuka zile salamu.

"Nitasahauje? Nimebeba za mwenzangu."

"Zinasemaje, mama?"

Akanitazama. Ana macho ambayo wewe unadhani yamechoka, kumbe yanasubiri.

"Si zako," akasema.

Nimempigia dada Somoe nikamwambia kesho asubuhi tunakuja wawili. Akauliza na nani. Nikasema na mama yangu. Ndiyo, mama yangu, nililitamka vizuri. Amesema karibuni, na sikumwambia zaidi ya hapo.

Wakati natoka Goba, mama alinisindikiza mpaka mwisho wa baraza, akashika nguzo, akanipa maagizo ya kesho kama anayemwagiza mtoto dukani. Nije mapema kabla jua halijawa kali. Nimshike mkono pale penye utelezi. Tukifika nisalimie watu, nikae.

"Na usiongeze neno," akasema.

Naishia hapa, kabla sijaanza kuongeza.